Wajukuu wa mateka, lawama za wauzaji

NAMANYERE. Tangu Serikali ijenge bandari mpya ya Karema, habari za mji ule wa mwambao wa Ziwa Tanganyika zimefufuka hata huku kwetu Nkasi. Husimuliwa boma la Wabelgiji la mwaka 1879, wamisionari wa Kikatoliki walioitwa Mapadri Weupe, waliokabidhiwa boma hilo mwaka 1885, na Daktari Adrian Atiman. Ni haki kabisa, kwani Kanisa Katoliki liliijenga Ufipa kwa shule na zahanati. Kinachouma ni nafasi anayopewa Mwislamu. Huingia mara moja tu, amevaa kanzu, kashika mnyororo.

"Wazee wenu ndio waliotuuza." Mwislamu wa bara hutupiwa maneno hayo darasani na sokoni, mara kwa hasira, mara kwa utani.

Chanzo cha lawama hiyo ni cha zamani. Tarehe 1 Julai 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alipanda mimbari ya kanisa la Saint-Sulpice, Paris, akaihimiza Ulaya ikomeshe biashara ya watumwa Afrika. Sababu alikuwa nayo. Mateka wa Manyema, mashariki ya Kongo ya leo, walivushwa ziwa hadi Ujiji, wakaswagwa kwenda Tabora na pwani. Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ndiye aliyekuwa na nguvu Ujiji, na watu wake walipigana na Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa aliyelinda misheni kwa bunduki. Wafanyabiashara wakubwa walikuwa Waislamu, hilo halifichiki. Ila hubiri lile liliitwisha dini nzima mzigo huo, huku likiwapita watemi waliouza watu wao, na wanunuzi wa Ulaya na Marekani waliotaka pembe za ndovu kwa ajili ya vinanda na mipira ya biliadi.

Sasa tazama walikoishia mateka wenyewe. Mapadri walinunua watoto kwa vitambaa, wakawapeleka Karema, wakawafundisha, wakawabatiza na kuwaoza wao kwa wao. Atiman naye alipita njia kama hiyo: alitekwa utotoni karibu na mto Niger, akauzwa, akakombolewa na mapadri Algeria, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hadi uzee wake. Alifariki mwaka 1956.

Na waliobaki Ujiji? Walikulia katika nyumba za mabwana zao, wakasilimu, wakawa wapagazi, wapiga makasia, wakulima na wachuuzi wa samaki. Wamanyema hao walisambaa mwambaoni na kwingineko, hadi Kariakoo, Dar es Salaam, ambako msikiti wao ungalipo. Mtoto aliyeangukia mikononi mwa padri anahesabiwa kuwa aliokolewa. Mwenzake wa msafara uleule, aliyeswali kwa kuwa waliomlea walikuwa wakiswali, wajukuu zake wanaitwa wauza watu. Huu ni udhalimu, na hauondolewi na utani.

Lawama hiyo ilipata nguvu shuleni. Waingereza walitoa ruzuku kwa shule za misheni, na hapa Ufipa njia ya ukarani na ualimu ikapitia kwa mapadri. Mzazi Mwislamu alihofia ubatizo, mwana akabaki nyumbani na chuo cha Kurani, na darasani hakuwapo wa kuijibu lawama ile. Mohamed Said, katika kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya Abdulwahid Sykes, mwanasiasa wa Dar es Salaam, anaonyesha uchungu wa Waislamu waliomfungulia Nyerere milango ya Dar es Salaam, kisha Uhuru ukafika na vyeti hawana. Padri John Sivalon, Mkatoliki, aliandika mwaka 1992 kwamba viongozi wa Kanisa waliuona Uislamu kuwa tishio sambamba na ukomunisti. EAMWS, jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki iliyojenga shule tangu 1945, ilipigwa marufuku mwaka 1968, na Baraza Kuu la Waislamu (BAKWATA) likashika nafasi yake. Baada ya sheria ya 1969 shule za misheni zikataifishwa, na mlango ukafunguka.

Hata hivyo kutoaminiana hakukuisha. Mwaka 2013 ugomvi wa Wakristo na Waislamu juu ya nani achinje ng'ombe ulilipuka Geita, ukafika Tunduma, kwenye barabara yetu ya kwenda Mbeya.

Bandari italeta wageni Karema, nao wataonyeshwa boma na kuelezwa habari za Atiman. Waelezwe pia juu ya Wamanyema wa Ujiji, kwamba walivuka ziwa lilelile wakiwa wamefungwa kamba shingoni, na wengi wao wakafa Waislamu.