Sufuria, bakuli au chungu? Kutaja vyombo vya oveni

Nomino *sufuria* [i-/zi-] imetokana na neno la Kiarabu linalohusiana na shaba. Leo sufuria nyingi zinazouzwa katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, ni za alumini, lakini kiini cha maana hakijabadilika: sufuria ni chombo cha metali. Kwa hiyo, mfasiri anayeita kila chombo cha kupikia "sufuria" katika maelekezo ya maikrowevu anamwingiza msomaji hatarini.

Maikrowevu hupasha chakula kwa mawimbi ya takribani megahezi 2,450, ambayo hutikisa molekuli za maji. Metali huyarudisha mawimbi hayo, na penye ukingo mwembamba huweza kutoa cheche. Oveni ya feni, kwa upande wake, huzungusha hewa ya moto kandokando ya chakula.

Sufuria. Haifai katika maikrowevu. Hufaa katika oveni ya feni, mradi isiwe na vishikio vya plastiki.

Bakuli [li-/ya-]. Neno hili hutaja umbo, si kitu kilichotumika kulitengeneza. Hivyo lifuatiwe na maelezo. *Bakuli la kauri* lisilo na nakshi ya dhahabu na *bakuli la glasi inayostahimili joto* hufaa katika oveni zote mbili. *Bakuli la plastiki* liingie katika maikrowevu tu, tena likiwa na alama ya kuruhusu hivyo. *Bakuli la melamini* hufaa kuandalia chakula mezani, si kukipashia moto.

Chungu [ki-/vi-]. Ni cha udongo. Kikiwa kimefyonza maji, hupata moto chenyewe katika maikrowevu na kuweza kumuunguza mshikaji. Katika oveni ya feni kiingizwe kabla oveni haijapata moto, kwani badiliko la ghafla la joto hukipasua.

Mifano

Epuka: *Weka wali kwenye sufuria, kisha upashe katika maikrowevu.*
Andika: *Weka wali kwenye bakuli la kauri lisilo na nakshi ya dhahabu, kisha upashe katika maikrowevu.*

Tanbihi. *Tanuri* hutumika pia kwa mahali pa kuchomea matofali au chokaa. Katika maelekezo ya jikoni, *oveni* huondoa utata; hata hivyo, taja daima ni oveni ya aina gani, kwa kuwa chombo salama katika moja huweza kuharibika katika nyingine.