Nani Anaiandika Uru?

Nilipofungua kwa mara ya kwanza makala za kata za Uru katika Wikipedia ya Kiswahili, nilikuta mistari michache tu: jina la kata, Wilaya ya Moshi Vijijini, Mkoa wa Kilimanjaro, postikodi, idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa, na chini yake tangazo kwamba makala hiyo bado ni mbegu. Uru Mashariki, Uru Kusini, Uru Kaskazini na Uru Shimbwe zilifanana kama vitambulisho vya ndugu wanne. Nchi iliyokuwa na mangi wake, lahaja yake, mifereji yake na ugomvi wake na majirani wa Kibosho na Old Moshi ilikuwa imebaki namba za posta.

Mwaka juzi binti mmoja wa mwaka wa pili chuoni, mzaliwa wa Uru, aliiona mistari hiyo akakasirika. Hasira yake ilikuwa njema. Alifungua akaunti, akaandika aya nne kuhusu mfereji mmoja wa maji, ambao Wachaga huuita mfongo. Alieleza jinsi ulivyochimbwa na ukoo wa babu yake, nani aliyeongoza kazi, na jinsi zamu za maji zilivyogawanywa. Habari zote alipewa na bibi yake. Kabla saa moja haijapita, aya zote nne zilikuwa zimeondolewa. Mhariri aliyeziondoa aliacha maneno mawili: “Hakuna chanzo.”

Binti alinijia ofisini. Baada ya kuniamkia aliuliza swali moja tu: “Daktari, kwani bibi yangu si chanzo?”

Sikuwa na jibu la haraka. Insha hii ni jaribio la kulitafuta, na lazima ianze na kosa langu mwenyewe. Usiku ule nilikaa mezani, nikaifuta kazi yake na kuiandika upya. Niliweka aya tatu za wamangi na vita kutoka vitabuni, nikapanga tanbihi, nikanyoosha lugha, na mfongo wa bibi nikaupunguza ukawa sentensi moja isiyotaja ukoo wala mtu. Makala ilidumu, hakuna aliyeigusa. Asubuhi nilimjulisha binti kwa furaha. Alinijibu: “Asante Daktari, imekuwa nzuri. Ila si yangu tena.” Kwa miezi miwili hakuhariri neno.

Mhariri yule alimnyang’anya aya nne. Mimi niliyejiita mlezi nilimnyang’anya sababu ya kuandika.

Swali la nani anahesabiwa kuwa shahidi si geni katika mlima huu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiwa njiani kwenda Uchagani na kiongozi wa msafara wake Bwana Kheri, aliona weupe juu ya kilele akatambua kuwa ni theluji. Taarifa yake ilichapishwa Ulaya mwaka uliofuata. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, aliikataa kwa hoja za vitabuni: theluji haiwezekani karibu na ikweta. Ubishi haukukoma hadi baada ya safari za Karl Klaus von der Decken mwaka 1861 na 1862. Miaka yote hiyo Wachaga, waliokuwa wakiitazama Kibo kila asubuhi, hawakuwa upande wowote wa mjadala, kwa sababu hakuna aliyewahesabu kuwa mashahidi.

Baadaye mlima uliandikwa sana. Nathaniel Mtui, mwalimu wa Kilutheri wa Marangu, alijaza madaftari kwa habari za tawala za Uchagani katika miaka ya 1910. Leo jina lake linajulikana zaidi kwa wale wanaosoma tanbihi za vitabu vya wengine. Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza, alichapisha kitabu chake juu ya Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924. Mmisionari Bruno Gutmann alichapisha kitabu kikubwa cha sheria za Wachaga, kwa Kijerumani, mwaka 1926. Mwaka 1964 Kathleen Stahl alitoa historia ya Wachaga iliyopangwa utawala kwa utawala, Uru ikiwemo, nayo ilichapishwa Uholanzi.

Stahl aliipataje historia hiyo? Sehemu kubwa aliipata kwa kuketi na wazee na kuwasikiliza. Tutafakari basi. Mzee aliyemsimulia Stahl ni chanzo, kwa kuwa maneno yake yamepita mikononi mwa mchapishaji wa Ulaya. Bibi wa mwanafunzi wangu si chanzo, kwa kuwa maneno yake yamepita mikononi mwa mjukuu wake. Tukiishia hapa, tutahitimisha kwamba kanuni ya kutaka vyanzo ni ukoloni uliovaa shati jipya, na wanaharakati wengi ninaowaheshimu huishia hapo. Mimi nadhani tukiishia hapo tutakuwa tumekosea.

Sababu yenyewe niliipata Uru. Miezi miwili ilipopita nilimwomba binti radhi. Uchagani anayeomba radhi hupeleka jani la isale; mimi nilipeleka ujumbe wa simu, kisha nikapanda kwenda kwao kumsalimia bibi. Tulikaa naye mchana kutwa. Ni msimuliaji hodari, mwenye mpangilio na kumbukumbu ya majina. Wakati wa kuondoka nilimuuliza binti: “Na ukoo wa upande wa pili wa korongo unasemaje?” Hakuwa amewauliza. Wiki mbili baadaye aliwauliza. Walimwambia kwamba banio, yaani pale maji yanapotolewa mtoni, lilianzishwa na babu yao, na kwamba ukoo wake ulikuja baadaye kuurefusha mfereji kuelekea bondeni.

Hili si jambo dogo. Mfongo ni mali. Kwa desturi, aliyeanzisha mfereji na kizazi chake walikuwa na sauti ya kwanza katika kugawa zamu. Leo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, matumizi ya maji yanahitaji kibali, na jumuiya za watumia maji zinatambuliwa kisheria. Katika mazingira hayo, aya inayosema kwenye kamusi elezo kwamba mfereji fulani ulichimbwa na ukoo fulani inaweza kuchapwa kwenye karatasi na kupelekwa kikaoni kesho asubuhi. Maneno mawili ya mhariri yule yalikuwa makavu, lakini bila kujua alikuwa ameuzuia ukoo mmoja kuandika hati ya umiliki kwa kalamu ya mjukuu.

Wanahistoria wa kwetu walishakutana na tatizo hili. Jan Vansina alichapisha mwaka 1961 kitabu cha mbinu za kutumia mapokeo ya mdomo kama ushahidi wa historia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kufundisha historia miaka ya 1960, Isaria Kimambo alikwenda kwa wazee wa Upare, jirani zetu hapa, na mwaka 1969 akachapisha historia ya kisiasa ya Wapare iliyosimama juu ya masimulizi yao. Yeye hakusema kwamba kila anachosema mzee ni kweli. Alikusanya masimulizi mengi, akayalinganisha, akauliza kila msimuliaji anasimama wapi na anapata nini. Kumheshimu mzee kama chanzo ni kumuuliza maswali yale yale tunayoiuliza barua ya gavana.

Kwa hiyo jibu langu kwa binti lilikuwa hili: bibi yako ni chanzo cha historia, na Wikipedia si mahali pa historia kuchapishwa kwa mara ya kwanza. Kamusi elezo hukusanya yale ambayo yamekwisha kuhakikiwa kwingine. Haina kamati ya kwenda Uru kusikiliza koo mbili. Mwaka 2011 Achal Prabhala na wenzake walijaribu nchini India na Afrika Kusini kutumia mahojiano yaliyorekodiwa kama tanbihi za Wikipedia, na jaribio lao linastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa historia. Lakini hata rekodi hutuambia tu kwamba fulani alisema hivi. Kazi ya kulinganisha bado inabaki, na kazi hiyo ni yetu: vyuo, majarida, parokia, halmashauri.

Tatizo basi liko nyuma ya Wikipedia. Wikipedia yenyewe ilianza 15 Januari 2001, na ya Kiswahili mwaka 2003. Miongoni mwa waliotangulia kuisukuma ni Ndesanjo Macha, ambaye wengi wetu tulimjua kwanza kwa blogu yake ya Kiswahili. Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Google iliandaa mashindano kwa wanafunzi wa Kenya na Tanzania waandike makala za Kiswahili ili washinde zawadi. Makala ziliongezeka kwa mamia. Ila zawadi humfikisha mtu kwenye makala ya kwanza; haimfundishi kuvumilia kufutwa kwa makala ya pili. Leo makala za Kiswahili zimepita 80,000, lakini ukifungua historia za kurasa utaona majina machache yaliyobeba mzigo mkubwa. Watu hao wanachoka, na mtu aliyechoka huandika “Hakuna chanzo” na kuendelea na ukurasa mwingine. Siwalaumu. Nasema tu kwamba maneno mawili hayatoshi kumpokea mgeni.

Namna ya kumpokea mgeni, Uru inaijua tangu zamani. Kaya mpya inayotaka maji ya mfongo haianzi kwa kufungua maji. Inaanza kwa kuja na jembe siku ya kusafisha mfereji. Siku hiyo mgeni hujifunza wapi kingo ni dhaifu, nani jirani wa juu na nani wa chini, na kwa nini zamu zimepangwa hivyo. Hakuna anayemkabidhi banio siku ya kwanza. Na hakuna mzee anayemchimbia sehemu yake huku yeye amesimama akitazama, kwa sababu mfereji ukibomoka usiku wa mvua, asiyewahi kuuchimba hatatoka kitandani kwenda kuuziba.

Tulianza upya kwa mpango huo. Juma la kwanza alisahihisha jina la kijiji lililokosewa herufi, akaandika katika muhtasari alichobadilisha na kwa nini. Juma la pili alifungua historia ya ukurasa na kusoma nani alifanya nini, tangu siku ulipoanzishwa. Juma la tatu alimwandikia mhariri aliyemfuta, kwenye ukurasa wake wa majadiliano, akamuuliza kwa adabu ni chanzo cha namna gani kingetosha. Nilihofu jibu. Lilikuja refu, la upole, na mwisho alimshukuru kwa kuuliza, kwani wengi hawarudi. Juma la nne alianza kuandika aya kuhusu mifongo ya Uchagani kwa ujumla, akitumia maandiko yaliyochapishwa, yakiwemo ya wasafiri wa karne ya 19 walioistaajabia. Nilisoma kila toleo na sikugusa kitufe cha kuhariri. Palipokuwa na kosa nilimwandikia swali pembeni. Kulikuwa na sentensi moja mbaya iliyonikosesha usingizi siku tatu, kisha akaiona mwenyewe.

Masimulizi ya koo zote mbili ameyarekodi na kuyaandika, kila moja kwa jina la msimuliaji na kwa idhini yake, pamoja na pale yanapopingana. Tumeyatuma kwenye jarida. Jibu bado. Kwenye kamusi elezo, mfongo wa bibi haumo mpaka leo, na bibi kila akituona huuliza: “Mmeshaniandika?” Tunamjibu kwamba bado, na kwamba safari hii hatafutwa. Ana umri wa kuuliza hivyo mara nyingi, wala si mara nyingi sana.

Nina maombi matatu, basi. Ninyi maafisa wa halmashauri na kata: makabati yenu yana mihtasari ya vikao, ramani na maelezo ya vijiji ambayo hayana siri yoyote. Yachapisheni. Karatasi isiyosomeka na raia haimsaidii hata anayeilinda. Ninyi wanafunzi na wanaharakati: kabla ya kupigana na kanuni, nendeni mkamsikilize pia mzee wa ukoo wa pili. Nasi wahadhiri, tunaopenda kuitwa walezi: tujifunze kuiacha sentensi mbaya ya mwanafunzi ikae siku tatu.

Makala ya Uru bado ni mbegu. Kwa sasa ina mtu wa kuipalilia, naye si mimi.