Wimbo wa tangazo na wimbo wa ubia: istilahi za muziki wa matangazo ya Japani

Wimbo unaosikika ndani ya tangazo la biashara la redio au televisheni huitwa na Wajapani CM songu, na herufi hizo mbili hutamkwa "shiiemu". Asili yake ni maneno ya Kiingereza yenye maana ya ujumbe wa kibiashara, lakini kifupisho kimeundwa Japani kwenyewe na Mwingereza hakitumii. Kwa Kiswahili istilahi ya jumla inayofaa ni wimbo wa tangazo. Kasoro yake ni kwamba inakusanya vitu vitatu ambavyo Wajapani huvitenganisha: wimbo uliotungwa ili kuitaja bidhaa, wimbo uliotungwa ili kuipa bidhaa haiba, na wimbo wa msanii anayejiuzia santuri zake huku tangazo likimbeba. Tofauti zao huonekana vizuri zaidi zikifuatwa kwa mpangilio wa miaka.

Hadi mwaka 1951 redio ya Japani ilikuwa mikononi mwa shirika la umma la NHK, ambalo halirushi matangazo ya biashara. Tarehe 1 Septemba mwaka huo vituo vya kwanza vya kibiashara vilianza kurusha vipindi kutoka Nagoya na Osaka, na siku chache baadaye kituo cha Osaka kikarusha wimbo wa Miki Toriro uliotungwa kwa ajili ya Konishiroku, watengenezaji wa filamu za picha ambao baadaye walijulikana kama Konica. Wimbo huo, unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina yake nchini humo, unamhusu mpigapicha wa kujifurahisha, na jina la kampuni halimo hata mara moja. Walioufuata hawakuwa na staha hiyo. Televisheni ya kibiashara ilipoanza Agosti 1953 kupitia kituo cha Nippon Television, matangazo yalikuwamo tangu siku ya kwanza, na kwa takriban miaka ishirini nyimbo zake nyingi zilikuwa fupi, zenye kurudiarudia jina la bidhaa hadi mtoto alikariri bila kutaka.

Fundi aliyetajika katika kazi hiyo ni Kobayashi Asei. Mwaka 1961 aliitungia kampuni ya nguo ya Renown wimbo ambao vizazi kadhaa vinaukumbuka, na mwaka 1973 akaitungia Hitachi muziki wa tangazo linaloonyesha mti mkubwa wenye kivuli kama mwavuli. Aina hii ya wimbo kwa Kiswahili huitwa kibwagizo cha tangazo, na hakuna haja ya kutafuta jina jingine. Kibwagizo katika ushairi ni mshororo unaorudiwa mwisho wa kila ubeti, na kurudiwa ndiko kulikoipa aina hii nguvu yake.

Mageuzi yaliletwa na vipodozi katika miaka ya 1970. Kampuni za Shiseido na Kanebo zilikuwa zikifanya kampeni kwa kufuata misimu, na kila msimu ulikuwa na kaulimbiu yake, sura yake na wimbo wake. Kiangazi cha 1978 Shiseido ilitumia "Jikan yo tomare" wa Yazawa Eikichi, mwanamuziki wa roki ambaye hakuna aliyemtarajia kwenye tangazo la vipodozi, na Kanebo ikajibu kwa wimbo wa kundi la Circus. Jina la bidhaa liliondoka kabisa kwenye mashairi. Badala yake, mara nyingi kaulimbiu ya kampeni ndiyo iliyogeuka kuwa jina la wimbo, kwa hiyo kila redio ilipoupiga kama muziki wa kawaida ilikuwa pia inaikumbusha kampeni bila kulipwa senti. Wajapani waliuita wimbo wa aina hii imeeji songu. Tafsiri ya haraka ni "wimbo wa picha", lakini inapotosha, kwa kuwa hakuna picha inayoimbwa. Wimbo wa haiba unaeleza vizuri zaidi kazi yake, yaani kuivika bidhaa hisia ambayo yenyewe haina.

Shirika la reli la taifa lilifuata njia hiyo hiyo mwaka 1978 kwa "Ii hi tabidachi" wa Yamaguchi Momoe, uliotungwa na Tanimura Shinji. Husimuliwa kwamba jina la wimbo lilipangwa ili kuwaridhisha wafadhili wawili wa kampeni. Katika maandishi ya Kijapani, alama ya "siku" na ya "safari" zikisomwa pamoja hufanya ufupisho wa kampuni ya usafiri ya Nippon Ryoko, na alama ya "siku" ikiunganishwa na ya "kusimama" hufanya jina la Hitachi. Msikilizaji hayasikii majina hayo. Yanaonekana kwa macho tu, juu ya jalada la santuri. Mwaka uliofuata Judy Ongg alishinda Tuzo ya Rekodi ya Japani kwa "Miserarete", wimbo wa tangazo la nguo za ndani za Wacoal, na Kubota Saki, ambaye hakuwa akijulikana, akauza nakala zaidi ya milioni moja za wimbo wake wa kwanza, "Ihojin", uliosikika katika tangazo la televisheni za rangi za Sanyo.

Mafanikio hayo ndiyo yaliyozaa istilahi ya tatu, taiappu, yenye asili ya neno la Kiingereza linalomaanisha kufunga pamoja. Kiini cha taiappu ni mapatano. Mwenye bidhaa, wakala wa matangazo, kampuni ya kurekodi na wasimamizi wa msanii hukubaliana kwamba wimbo utakaouzwa madukani utatumika pia katika tangazo. Wimbo ukiwa mpya, kampuni ya kurekodi huwa na hamu ya kusikika kiasi kwamba ada inaweza kuwa ndogo. Wimbo ukiwa tayari maarufu, mambo hugeuka. Jumuiya ya hakimiliki ya JASRAC, iliyoanzishwa mwaka 1939, hutoza matumizi mengi ya muziki kwa viwango vilivyopangwa, ila katika matangazo mchapishaji wa muziki ndiye hutaja bei yake mwenyewe.

Mapatano hayo yaliacha alama hata kwenye umbo la muziki. Tangazo la kawaida la Japani ni la sekunde 15, nazo hazitoshi kwa utangulizi wala kwa beti mbili. Kinachoingia ni kiitikio, sehemu ambayo Wajapani huiita sabi. Watunzi wakazoea kukitunga kwanza na kukiweka mwanzoni mwa wimbo, na mara nyingine tangazo lilianza kurushwa wakati sehemu zilizobaki za wimbo hazijakamilika. Mfano mzuri wa zama hizo ni "Romance no kamisama" wa Hirose Kohmi, uliotolewa Desemba 1993 kwa ajili ya maduka ya vifaa vya kuteleza kwenye theluji ya Alpen. Mwaka huo huo ZARD walikuwa wameimba "Yureru omoi" kwa kinywaji cha Pocari Sweat.

Wimbo wa zamani nao unaweza kufufuliwa. "Christmas Eve" wa Yamashita Tatsuro ulitoka mwaka 1983. Kampuni ya reli ya JR Tokai ilipouweka kwenye tangazo lake la treni za Krismasi mwaka 1988 ulianza kupanda, na Desemba 1989 ukashika nafasi ya kwanza katika chati ya Oricon. Hata maneno si lazima. Mwaka 1999 kipande cha piano cha Sakamoto Ryuichi, "energy flow", kilichosikika katika tangazo la vidonge vya uchovu vya Regain, kilikuwa cha kwanza kisicho na sauti ya mwimbaji kuongoza chati hiyo ya singo.

Kwa taiappu yapo mapendekezo mawili yanayojitokeza upesi. Wimbo wa udhamini unakosea, kwa sababu mdhamini hutoa na mwenzake hupokea, ilhali hapa kila upande unaleta mtaji wake: mmoja muda wa televisheni, mwingine sauti na jina. Wimbo ambatani unasema kwamba vitu viwili viko pamoja, bila kusema kwa masharti gani. Ubia, neno ambalo biashara ya Kiswahili inalo tangu zamani, hubeba mtaji wa pande mbili na mgawanyo wa faida kwa pamoja, kwa hiyo wimbo wa ubia ndio tafsiri inayostahili.

Angalizo la matumizi ni moja. Taiappu haiishii kwenye matangazo; wimbo wa kufungulia katuni au wa kufungia tamthilia hupatikana kwa mapatano ya aina hiyo hiyo. Panapohitajika kutofautisha, huandikwa wimbo wa ubia wa tangazo, wimbo wa ubia wa katuni au wimbo wa ubia wa tamthilia, na wingi wake ni nyimbo za ubia.