Nambari Moja, Milango Yote

Leo niweke kando mambo ya kuandika programu, nisimulie historia kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita chuo kimoja kiliniita nikitengenezee mfumo wa kusajili wanafunzi. Nilipofungua hifadhidata ya zamani, nilikuta nambari ya kitambulisho cha kitaifa ndiyo ufunguo wa kila jedwali: karo, matokeo, hata vitabu vya maktaba. Nikauliza, data hii ni ya nani? Msajili akanielekeza kwa watu wa tarakilishi. Watu wa tarakilishi wakanirudisha kwa msajili.

Usiku huo nilianza kusoma jinsi vyuo vya Marekani vilivyotumbukia katika shimo hilo hilo kabla yetu.

Mwaka wa 1936 serikali ya huko ilianza kutoa nambari ya hifadhi ya jamii, yenye tarakimu 9. Kazi yake ilikuwa kufuatilia mapato ya mfanyakazi ili baadaye alipwe pensheni. Kuanzia 1946 kadi zenyewe zilichapishwa onyo kwamba hazikuwa kitambulisho. Lakini tayari mwaka wa 1943 Rais Roosevelt alikuwa ameagiza idara zinazoanzisha mifumo mipya ya nambari zitumie hiyo hiyo.

Tarakilishi zilipoenea vyuoni, vyuo vingi vikaikopa. Wewe unayeandika programu utakielewa kishawishi hicho: nambari ipo tayari na mwenyewe anaikumbuka. Ikachapishwa kwenye kadi za wanafunzi. Walimu wakabandika matokeo milangoni, jina limefichwa, nambari iko wazi!

Onyo lilitolewa mapema. Mwaka wa 1973 kamati ya serikali iliyoongozwa na Willis Ware ilisema habari iliyotolewa kwa shughuli moja isitumiwe kwa nyingine bila idhini ya mwenyewe. Mwaka wa 1974 ikaja sheria ya FERPA, iliyompa mwanafunzi haki ya kuona rekodi zake na kuomba makosa yasahihishwe. Hata hivyo, katika vyuo vingi nambari ilibaki pale pale.

Bili ikaja. Mwaka wa 2003, katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, programu ilijaribu nambari moja baada ya nyingine kwenye mfumo wa chuo. Kila iliyokubali ilileta habari za mwenyewe. Watu wapatao 55,000 waliathirika. Kosa liko wapi? Nambari ile ile ilitumika kama jina na pia kama nywila. Jina ni la kutajwa hadharani, nywila ni siri. Kitu kimoja hakiwezi kuwa vyote viwili.

Machi 2005 kipakatalishi kiliibwa katika ofisi moja ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ndani yake mlikuwa na rekodi za watu zaidi ya 98,000, bila kufichwa kwa msimbo. Sheria ya California iliyoanza kutumika Julai 2003 ikakilazimu chuo kuwaarifu.

Katika miaka hiyo vyuo vingi vilihamia nambari zao vyenyewe. Na kuhama si kubadilisha safu moja tu. Ni lazima utafute kila faili nambari ilikojificha, na kila ukiipata uulize: nani aliihitaji, na kwa nini bado ipo?

Kenya sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Data ikivuja na kuwatia watu hatarini, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Lakini saa hizo zitakusaidia nini kama hujui nani anasimamia jedwali lililovuja?

Nilirudi kwa chuo kile na karatasi moja yenye safu nne: jedwali, cheo cha msimamizi, sababu ya kulitunza, tarehe ya kulifuta. Mhasibu aligoma kuachia nambari za vitambulisho, na alikuwa na sababu zake. Tukakubaliana zibaki katika jedwali moja tu, na msimamizi awe yeye. Kwingine kote tukaweka nambari ya usajili.

Kuandika programu kulinichukua muda mfupi kuliko kuijaza karatasi ile. Safu ya tarehe ya kufuta ndiyo iliyotuchelewesha zaidi, maana hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna data ya kufutwa.