Sanduku la Mvuvi

Orodha imekuja kwa barua pepe: nguo za ndani za sufu jozi mbili, sweta zito, koti lisilopitisha maji wala upepo, kofia ya kufunika masikio, glavu, viatu visivyoteleza. Chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa ameshafika mlangoni, wameongeza: nguo za kuogelea. Meli ina beseni la maji moto sitahani.

Ni Oktoba, nami natoka Bergen kwenda Kirkenes kwa meli ya pwani ya Norway, safari ya siku sita za kupanda kaskazini mpaka karibu na mpaka wa Urusi. Njia hii ilianza tarehe 2 Julai 1893, nahodha Richard With alipoing'oa nanga meli ya mvuke Vesteraalen kutoka Trondheim kwenda Hammerfest. Ilikuwa njia ya barua, mizigo na watu wenye shughuli zao. Sisi wa kutazama milima tulijaa baadaye.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa Makete. Hapa kila nikijitambulisha kuwa natoka Tanzania watu hunionea huruma, kana kwamba nimezaliwa juu ya mchanga wa moto. Baridi naijua. Nimechota maji asubuhi za Julai nyasi zikiwa nyeupe kwa barafu. Ila baridi ya Makete jua likichomoza huondoka zake, na hukai nayo ukiwa umelowa kutwa. Bergen mvua hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Wenyeji wana msemo wao, kwamba hakuna hali ya hewa mbaya, kuna nguo mbaya tu. Ni msemo wa mtu ambaye kabati lake limejaa. Koti langu nililinunua mtumbani Karume, Ilala, wiki moja kabla ya kupanda ndege. Lebo ya ndani ina maelekezo ya kufua kwa lugha tatu za Skandinavia. Limerudi kwao, mimi nikiwa ndani yake.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, kwa hiyo orodha kama hii hainipiti hivi hivi. Najiuliza nani aliijua kwanza. Wenye meli hawakuibuni.

Kwa karne nyingi, wanaume wa pwani hii walikwenda Lofoten kila Januari kuvua chewa, wakarudi Aprili. Walikwenda kwa mashua za wazi zenye tanga na makasia, na kila mvuvi alikuwa na sanduku lake la mbao. Masanduku hayo sasa yako kwenye majumba ya makumbusho, yamepakwa rangi na kuandikwa majina ya wenyewe. Kilichonivutia mimi ni vilivyokuwa ndani: mikate mikavu, siagi, na nguo za miezi mitatu. Mke, mama au dada ndiye aliyeandaa. Kazi ilianza miezi mingi kabla, kondoo waliponyolewa, sufu ikachambuliwa, ikasokotwa, ikafumwa. Jina kwenye kifuniko ni la mwanamume. Karibu kila kitu chini ya kifuniko kimepita mikononi mwa mwanamke.

Chukua glavu tu. Glavu za baharini, zenye kidole gumba peke yake, zilifumwa kubwa kupita kiasi, ukiziona mpya utadhani ni za jitu. Zilifumwa hivyo makusudi. Sufu ikilowa na kusuguliwa hujikunja na kushikana, na mvuvi aliyevuta kamba ndani ya maji ya chumvi siku baada ya siku alikuwa anazishindilia mwenyewe, mpaka zinamkaa mkononi zikiwa nene na ngumu kama blanketi. Wengine walizichovya baharini kabla ya kuanza kazi. Kwa mtu aliyezoea pamba ni kichekesho: unalowesha glavu ili upate joto. Lakini nyuzi za sufu zimejikunja na hushika hewa katikati yake hata zikiwa na maji, wakati pamba ikilowa hulala juu ya ngozi na kukunyang'anya joto. Mfumaji alilazimika kukadiria kutoka jikoni kwake, mbali na bahari, glavu itapungua kiasi gani mikononi mwa mtu asiyekuwepo. Akikosea, mkono wa mume wake ndio utakaojua.

Juu ya sufu walivaa ngozi iliyopakwa mafuta. Mwaka 1877, katika mji wa Moss, nahodha Helly Juell Hansen na mkewe Maren Margarethe walianza kuuza nguo za kitambaa cha kitani kilicholowekwa mafuta ya mbegu za kitani. Jina lao bado liko vifuani mwa watu wengi ninaopishana nao barabarani. Zilikuwa nyepesi kuliko ngozi, na ndizo babu wa koti la mvua lililoko kwenye orodha yangu.

Hapa lazima nipinge hadithi moja, maana madukani nimeisimuliwa mara nyingi: kwamba kila familia ya wavuvi huko Ireland ilikuwa na mfumo wake wa sweta, ili mtu akizama na kutupwa ufukweni atambulike. Hakuna ushahidi wa mifumo ya koo ya namna hiyo. Chanzo kimojawapo ni tamthilia ya J. M. Synge ya mwaka 1904, Riders to the Sea, ambamo dada anamtambua kaka yake aliyekufa maji kwa soksi. Na anamtambua kwa hesabu ya vishono, kwa kuwa soksi ile aliifuma mwenyewe. Ukoo hauhusiki. Wauza sweta wameifanya kuwa nembo ya familia. Synge aliandika juu ya mfumaji mmoja anayeijua kazi ya mkono wake.

Wengi wetu tunaijua picha ya Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, akiwa katika vazi lake la Unguja. Ilipigwa Hamburg, alikohamia mwaka 1867 na kuitwa Emily Ruete. Kila nikiiona nafikiria sanduku lililolihifadhi vazi lile katika mji ambao halikuwa na siku ya kuvaliwa.

Kaskazini zaidi, sufu yenyewe haitoshi. Julai 1908 meli Roosevelt iliondoka New York kwenda Aktiki, chini ya Robert Peary. Pamoja naye alikuwa Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Maryland mwaka 1866, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshakaa Greenland miaka mingi na kuisema lugha ya Wainuit vizuri. Njiani walipakia Wainuit wengi, wanaume, wanawake na watoto. Septemba meli ilifika Cape Sheridan, na wakati jua likielekea kupotea kwa miezi kadhaa, wanawake walishona.

Walizilainisha ngozi kwa kuzitafuna. Walishona kwa uzi wa kano za wanyama, ambao ukipata maji huvimba na kuziba tundu la sindano. Nguo ilikuwa ya tabaka mbili, ya ndani manyoya yakigusa mwili, ya nje manyoya yakitazama upepo, na pana kiasi cha kuruhusu jasho litoke, kwa sababu katika baridi ile jasho ni hatari kama mvua. Suruali ilikuwa ya ngozi ya dubu. Tarehe 6 Aprili 1909 Henson, Peary na Wainuit wanne, Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah, walisimama mahali ambapo Peary alidai ni Ncha ya Kaskazini. Wataalamu wanabishana mpaka leo kama kweli walifika. Kwamba walirudi wakiwa hai hakuna anayebishia.

Peary alipewa cheo na medali. Henson aliishia kuwa karani katika ofisi ya forodha New York, na heshima zilimfikia akiwa mzee. Nimetafuta majina ya wanawake walioshona kwenye vitabu nilivyo navyo mezani. Nimekuta Ootah, nimekuta Egingwah, nimekuta hata majina ya mbwa. Walioshona wameandikwa "wanawake".

Begi langu lina kilo 14. Glavu nimefumiwa na mama mmoja wa ghorofa ya chini, na ni kubwa. Amenikataza kuzifua kwa maji ya moto.