Kumbukumbu za Mapangoni na Historia ya Njaa ya Mtunya katika Ugogo

Stalagmiti ni nguzo za madini zinazoota kutoka sakafu ya mapango ya chokaa. Maji ya mvua hupenya ardhini, huyeyusha chokaa, kisha hudondoka pangoni na kuacha tabaka jembamba. Umri wa tabaka hukadiriwa kwa uwiano wa urani na thori, na isotopu za oksijeni hudokeza jotoridi na mvua ya wakati huo. Katika tropiki, hata hivyo, isotopu hizo mara nyingi hufuata mvua kuliko joto.

Kwa mwanahistoria wa Dodoma, ushahidi huu una mpaka wa kijiolojia. Uwanda wa kati umejengwa kwa sehemu kubwa na miamba ya graniti na naisi, isiyofanya mapango ya aina hiyo. Majabali ya Kondoa, yaliyoorodheshwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, yanasifika kwa michoro, si kwa stalagmiti. Mapango ya chokaa ya Amboni yako Tanga, penye masika na vuli, ilhali Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Vipimo vya pwani, basi, haviwezi kuhamishiwa Ugogo bila tahadhari.

Tahadhari hiyo ina uzito katika kuieleza njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, jina lenye maana ya kugombania. Mwanahistoria Gregory Maddox anataja makadirio ya vifo 30,000 kati ya watu 150,000. Mvua zilikosekana, lakini jeshi la Wajerumani, na baada ya Dodoma kutekwa Julai 1916 jeshi la Waingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Katika Ugogo ng'ombe alikuwa akiba: mwaka wa ukame alibadilishwa kwa nafaka. Zizi lilipobaki tupu, ukame ukageuka mauti.

Hivyo, hata kama kumbukumbu kamili ya madini ingepatikana, ingepima upungufu wa mvua tu. Isingeonyesha nani alimaliza ghala. Kuihesabu Mtunya kuwa tukio la tabianchi pekee ni kuziondolea dola mbili za kikoloni sehemu yao ya lawama. Jina walilolichagua Wagogo wenyewe halitaji jua wala mvua, linataja kugombania.