NASABA YA WAFALME WA KILWA KATIKA MIZANI YA SHERIA

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na swahaba zake wote. Ama baad.

Miongoni mwa maswali yanayotufikia hapa Bariadi, na katika misikiti mingine ya Mkoa wa Simiyu, ni swali la asili. Kijana wa Kisukuma amesoma na kushika dini yake. Akiposa binti wa ukoo uliotoka pwani anaambiwa: "Dini unayo, lakini asili huna." Mwingine amehifadhi Qur'ani, lakini unapofika wakati wa swala anatangulizwa mtu mwenye elimu ndogo kwa sababu tu anajinasibisha na Washirazi. Wenye kusema hayo hutegemea historia ya Kilwa na wafalme wake. Kwa hiyo tumeona ni wajibu tuitazame nasaba hiyo yenyewe, tuipime kwa mizani tuliyoachiwa na wanazuoni wetu, kisha tuone inathibitisha nini na haithibitishi nini.

Nafasi ya nasaba katika Uislamu

Kwanza ieleweke kwamba sheria haikuidharau nasaba. Mirathi hugawanywa kwa nasaba, umahramu hujulikana kwa nasaba, na uwalii wa ndoa hufuata nasaba. Ndiyo maana Suratul Ahzab, aya ya 5, ikaamrisha watu waitwe kwa majina ya baba zao, na Mtume (S.A.W.) akatoa onyo kali kwa mwenye kujinasibisha na asiyekuwa baba yake hali ya kuwa anajua.

Mafaqihi wameeleza pia jinsi nasaba inavyothibiti. Mtoto huthibiti kwa ndoa sahihi ya wazazi wake, au kwa mtu kukiri kuwa ni mwanawe, au kwa ushahidi. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i inakubaliwa pia shuhra, yaani khabari iliyoenea kwa watu wengi ambao si rahisi kuafikiana katika uongo, maadamu haikupingwa na khabari nyingine. Hili la mwisho tulishike vizuri, maana ndilo tutakalolihitaji Kilwa.

Khabari mbili zinazopingana

Nasaba ya wafalme wa Kilwa imetufikia kwa njia mbili kubwa za maandishi. Ya kwanza ni kitabu cha Kiarabu, As-Sulwa fi Akhbar Kulwa, kilichoandikwa mwanzoni mwa karne ya 16. Nakala yake iliyonakiliwa Zanzibar mwaka 1877 iko London, na matini yake ilichapishwa huko mwaka 1895. Ya pili ni muhtasari wa tarekhe ya wafalme hao alioutia Mreno João de Barros katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1552. Wareno walikuwa wameuteka mji wa Kilwa mwaka 1505.

Kitabu cha Kiarabu kinasema aliondoka Shiraz mfalme pamoja na wanawe sita, katika majahazi saba, kila jahazi likatua mahali pake, na moja likafika Kilwa katikati ya karne ya tatu ya Hijra. Barros anasema walikuwa ndugu saba, watoto wa Sultani wa Shiraz, na kwamba aliyekwenda Kilwa ni mmoja wao aitwaye Ali, baada ya kupita miaka mia nne na kitu ya Hijra. Basi tazama: khabari moja inasema ni baba na wanawe, nyingine inasema ni ndugu, na baina ya tarehe mbili hizo kuna kiasi cha miaka 150. Kwa kanuni inayonasibishwa kwa Ibn Khaldun, ya kuhesabu vizazi vitatu katika kila miaka mia, hapo pana vizazi vinne au vitano. Tena, waandishi wote wawili waliishi zaidi ya miaka mia tano baada ya tukio, wala hakuna sanad inayowafikisha huko. Lau hii ingekuwa hadithi, wanazuoni wa hadithi wangesema imekatika.

Ushahidi wa sarafu na mifupa

Je, tuikanushe khabari yote? La hasha. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala Waislamu wa pwani hii, miongoni mwao Ali bin al-Hasan. Wataalamu wanaziweka katika karne ya 11, na wengi wanamuona Ali huyo kuwa ndiye mwasisi wa ufalme wa Kilwa anayetajwa katika tarekhe. Na msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Basi Uislamu na utawala wake vilikuwapo pwani hii zama hizo bila shaka.

Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba uliofanywa katika mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania. Ilionekana kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 watu wa asili ya Uajemi, wengi wao wanaume, walichanganyika na wenyeji, hasa wanawake wa Kiafrika, na kwamba kwa wengi wa waliochunguzwa zaidi ya nusu ya asili yao ni Afrika. Uchunguzi kama huu hauthibitishi nasaba ya mtu kwa mtu kisheria, lakini ni qarina yenye nguvu katika historia. Wazee wa pwani waliosema "tuna asili ya Uajemi" hawakusema uongo. Lakini mwenye kuitaja asili hiyo na akanyamaza juu ya bibi zake wa Kiafrika, huyo ameitaja nusu ya nasaba yake na kuificha nusu.

Isitoshe, kitabu hicho hicho cha Kiarabu kinaeleza kwamba wageni wa Shiraz walipofika Kilwa walimkuta mtu Mwislamu na watoto wake, aitwaye Muriri wa Bari, na wakaukuta msikiti. Tarekhe iliyoandikwa kuwatukuza wafalme inakiri kwamba adhana ilikuwa imewatangulia wafalme hao!

Ukoo wa pili na sifa yake

Mwishoni mwa karne ya 13 utawala wa Kilwa ulihamia kwa ukoo wa Mahdali, masharifu wenye asili ya Yemen. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 katika zama za mmoja wao, Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Amewataja watu wa mji ule kuwa ni Zanji, weusi sana, watu wa dini na wema, wafuasi wa madhehebu ya Shafi'i. Na sultani wao alimsifu kwa ukarimu, kwa sababu hiyo akaitwa Abul-Mawahib, mwenye kutoa sana. Lakini alipokufa, akatawala ndugu yake Daud, ambaye Ibn Battuta anaeleza kuwa alikuwa kinyume chake kabisa katika kutoa. Ndugu wawili wa nyumba moja na nasaba moja! Nasaba haikumpa Daud kile ambacho amali ilimpa Hasan.

Maradhi haya si ya kwetu peke yetu

Ulaya ya zama hizo mambo yalikuwa hayo hayo. Katika nchi za Wajerumani, Rudolf wa Nne wa ukoo wa Habsburg alitengenezesha hati za kughushi mnamo 1358 na 1359 ili kuupandisha daraja ukoo wake, zikiwemo barua zilizodaiwa kutoka kwa Julius Caesar na Nero. Petrarch, mwanachuoni wa Italia, akazichunguza akaonesha kuwa ni za uongo. Baadaye Maximilian wa Kwanza wa ukoo huo huo aliwatumia wataalamu kuuunganisha ukoo wake na mashujaa wa Troy. Mwenye kutafuta cheo katika nasaba hatosheki mpaka aizidishe.

Hukumu ya maswali yetu

Turudi sasa kwenye maswali tuliyoanza nayo. Kuhusu uimamu, Imam Nawawi katika Minhaj amemtanguliza mjuzi wa fiqhi na mjuzi wa kusoma mbele ya mwenye umri na mwenye nasaba. Tena katika kauli mpya ya Imam Shafi'i, mwenye umri mkubwa katika Uislamu anamtangulia mwenye nasaba. Basi nasaba iko nyuma ya yote hayo, na kumuacha hafidhi aliyesoma kwa ajili yake ni kuigeuza fiqhi kichwa chini miguu juu.

Kuhusu ndoa, ni kweli kwamba madhehebu yetu yanaizingatia nasaba katika ukufu. Lakini ukufu ni haki ya mwanamke na walii wake, nao wakiridhia kuiacha ndoa ni sahihi. Imam Malik yeye ameuweka ukufu katika dini. Na Mtume (S.A.W.) alimshauri Fatima bint Qays, mwanamke wa Kikuraishi, aolewe na Usama, mtoto wa Zayd aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Basi walii anayo haki ya kuangalia, lakini asimwambie Mwislamu kuwa hana asili. Usukuma ulikuwa na watemi wake na nasaba zao zilizohifadhiwa vifuani. Na mwenye kusilimu hapotezi nasaba yake: Ikrima (R.A.) aliendelea kuitwa mtoto wa Abu Jahl, na hilo halikumpunguzia daraja. Kwa hiyo ndugu zetu waliosilimu wasilifiche jina la baba zao, wala wasijitafutie ukoo wa pwani ili wakubalike.

Barros anaeleza pia kwa nini Ali aliondoka kwao. Mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, na ndugu zake, ambao mama yao alikuwa wa ukoo wa wafalme wa Uajemi, walimdharau. Khabari hii ina udhaifu tuliokwisha kuutaja, lakini ndiyo khabari ya watu wa Kilwa juu ya mfalme wao wa kwanza. Vipi basi anayejifakhiri kwa mfalme huyo amdharau Mwislamu mwenzake wa Bariadi kwa kitu kile kile alichodharauliwa babu yake?

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.